Karani Aliyewapimia Waliotangulia

Sauti yake niliijua kabla ya sura yake. Nilikuwa mtoto wa kubebeshwa kikapu kidogo, na ukungu wa mwezi wa saba huko kwetu juu ya Kianjokoma, pale shamba linapopakana na msitu, huwa mzito kiasi kwamba aliye mbele yako kwenye foleni unamjua kwa kikohozi chake. Tulikuwa tumesimama kwenye kituo cha majani chai, tumejifunika magunia vichwani, na kutoka ndani ya ule ukungu ikaja sauti nyembamba, kavu, isiyo na haraka, ikiita majina. Aliyeitwa alijibu "niko", akasogea, akatundika mzigo wake kwenye mzani. Ikafika zamu ya Nyaga. Nyaga alikuwa babu yangu, na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeonyeshwa kaburi lake na kukatazwa kukanyaga maua. Bibi yangu, cucu kama tunavyosema, akanisukuma begani. "Itika," akaniambia. Nikaitika.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Karani. Nilimjua kwa miaka mingi baada ya hapo. Nimemchapia kazi zake, nimemlisha githeri, nimegombana naye hadi majirani wakachungulia. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini kwetu hakuna aliyelitumia. Hata mchungaji alipotaka mtu wa kufunga ibada alisema, "Mzee wetu Karani atatuombea."

Niseme jambo moja wazi, maana mgeni anaweza kudhani nasimulia habari za mizimu. Kwetu kila shamba la chai lina namba, na kila namba ina jina. Majina hayo yaliandikwa chai ilipoanza kupandwa na watu weusi baada ya Uhuru, na wengi walioandikwa siku hizo wako chini ya udongo. Watoto wao hawakubadilisha. Kubadilisha kulitaka kesi ya urithi, na kesi ya urithi inataka ndugu wakae meza moja, na ndugu wa kwetu wakikaa meza moja kwa ajili ya shamba, mmoja lazima aondoke akichechemea. Tena kulikuwa na woga. Katazo lenye laana ambalo mzazi anakuachia akikata roho tunaliita kirumi, nalo halichezewi. Hakuna mwana aliyetaka kuwa wa kwanza kufuta jina la baba yake mahali popote, hata kwenye mzani. Basi wafu waliendelea kuuza majani. Waliitwa kila siku ya kuchuma, na walio hai waliwaitikia.

Karani aliwapimia hao kwanza. Ilikuwa sheria yake mwenyewe, haikutoka kiwandani. "Waliotangulia watangulie," alisema, na foleni ikajipanga upya bila mtu kunung'unika. Aliyewahi kunung'unika namkumbuka ni mmoja, mzee mkorofi wa ng'ambo ya mto, aliyelalamika kwamba amesimama tangu mchana na sasa anapitwa na marehemu. Karani alimtazama juu ya miwani. "Na wewe nafasi ya mbele utapata, mzee. Haraka ya nini?" Watu walicheka mpaka majani yakamwagika. Yule mzee alishika kikapu chake akarudi nyuma ya foleni, na kweli haikupita miaka mingi akawa anapimiwa wa kwanza.

Ukimsikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa kuamini vivuli. Wapi! Alikuwa mzee wa kanisa wa kupiga meza. Jirani yetu mmoja aliwahi kusema hadharani kwamba amesikia sauti ya mama yake ikiitika kutoka upande wa msitu. Karani alimkemea pale pale: "Mama, hayo ni masikio yako. Wafu wamelala." Kisha akaita jina la huyo huyo mama wa jirani, na mimi niliyekuwa nimesimama karibu na meza nilisikia sauti yake imeshuka, kama mtu anayeita nje ya chumba cha mgonjwa. Ningemwuliza angekana.

Kwa majani hakuwa na huruma. Majani mawili na kichipukizi, basi. Alimwaga kikapu chako kwenye meza ya kukagulia na kupitisha vidole, na kila jani lililokomaa lilitupwa chini mbele ya watu wote. Siku moja alimtupia mama mkwe wake karibu nusu ya mzigo. Kwetu mama mkwe humtazami hata usoni, sembuse kumchambulia kikapu kwenye umati. Mama yule alijitanda leso kichwani akaondoka, na hakumsemesha mpaka Krismasi. "Mkwe ni mkwe na jani ni jani," Karani alisema, akaita jina lililofuata. Mtu wa namna hiyo, aliyekataa jani kwa sababu ya kikonyo kirefu, ndiye aliyekubali kila jioni kwamba marehemu fulani amefika kituoni mwenyewe na kikapu mgongoni. Nimelifikiria jambo hili sana na bado linanishinda.

Chai hakunywa. "Siwezi kunywa kazi," alisema, akatoa chupa yake ya uji. Viatu vyake vya ngozi viling'aa hata wakati wa masika, tope likiwa la kumeza gari. Alikuwa na kitambaa mfukoni, na kabla ya kuita jina la kwanza aliinama akavifuta. Hakusalimu mtu akiwa upande wa mzani. Ukimpa mkono aliutazama tu, mpaka amalize, ndipo alipotoka na kukusalimu wewe na ng'ombe wako. Na mimi, msichana, aliniita Nyaga. Ndilo jina nililoitikia kituoni, basi ndilo alilonipa, njiani, kanisani, kila mahali. Nilikua nikiitwa kwa jina la mwanamume aliyekufa na sikuona ajabu.

Karani hakuruhusiwa kuwa na namba yake, asije akajipimia. Kwa hiyo majani ya kwake yaliuzwa kwa jina la mke wake, Rwamba. Michai ile hata hivyo ilikuwa ya Rwamba kweli. Ndiye aliyeipanda, ndiye aliyeipogoa. Alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa na kicheko cha kusikika bondeni, na foleni nzima ilisubiri zamu yake kama watu wanavyosubiri tangazo la mpira. Karani aliita kwa sauti ile ile kavu, kana kwamba hajawahi kumwona: "Rwamba!"

"Niko, Karani. Na ukinipunja utalala bila chakula."

Hakucheka hata siku moja. Lakini masikio yake yalisogea, na sisi watoto tulikaa tukiyaangalia masikio hayo.

Rwamba alianguka kati ya mistari ya michai wakati wa mvua ndefu, na hakuamka. Presha, walisema. Tulimzika kwa tope. Chai haijui matanga, kwa hiyo majirani walichuma ya kwake pamoja na yao, na Karani alipomaliza siku za msiba akarudi mezani kwake. Jioni hiyo nilikuwepo, nimesimama na mama yangu. Alifuta viatu. Akaanza kuita waliotangulia, mmoja mmoja, na walio hai wakaitika. Akafika kwa Rwamba, akamwita.

Hakuna aliyeitika. Nani angeitika? Watoto wao walikuwa shule za mbali. Mifuko ya majani yake ilikuwa pale chini, majirani wameileta, na wote walikuwa wakitazama miguu yao. Akaita tena kwa sauti ile ile. Nikaona midomo ya mama yangu ikifunguka, akitaka kumsaidia, kisha ikafunga. Karani akaweka kalamu chini. Akazunguka meza, akaja akasimama upande wetu, upande wa wakulima, akautazama mzani ambao hapakuwa na mtu nyuma yake. "Niko," akasema. Kisha akarudi upande wake, akapima.

Niliogopa jioni ile kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Na haikuwa jioni moja. Miaka yote iliyofuata, kila siku ya kuchuma, Karani aliita, akazunguka meza, akaitika, akarudi. Wageni walioona mara ya kwanza walikosa pa kuweka macho. Sisi tulizoea, lakini kuzoea si kuacha kuogopa.

Nilipomaliza shule nilifungua biashara ya kompyuta sokoni Kianjokoma: kuchapa, kupiga picha za pasipoti, kuwatafutia watu kozi na kazi kwenye mtandao. Miaka hiyo ndipo kiwanda kilipoleta mizani ya umeme, ile inayoandika yenyewe. Kijana mmoja afisa aliitisha mkutano kituoni. Akatueleza kwamba kila namba sasa itataka mtu hai, mwenye kitambulisho na simu. "System haitambui marehemu," akasema. "Wote watatolewa."

Karani, aliyekuwa ameketi mbele kama mwanafunzi, akainua mkono, akasimama.

"Huyu System anakaa wapi?"

Tulicheka. Kijana naye alicheka, lakini kwa heshima. "Si mtu, mzee. Ni watu wa kompyuta walidesign hivyo."

"Kwa hivyo ni watu wameamua."

"Eeh, ni kama hivyo."

"Na hao watu wamesomea nini?"

"Computer information systems, mzee."

"Mpaka wapi?"

"Degree."

Karani akashukuru, akaketi. Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwangu kabla sijafungua, viatu vinang'aa. "Nyaga," akaniambia, "nitafutie hiyo kozi."

Nilidhani anatania. Alikuwa anakaribia umri wa kuwa na wajukuu. Cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa cha mtihani wa zamani ambao vijana hata jina lake hawalijui, na hesabu alipata alama za kumhurumia. Nikamfungulia orodha ya kozi za chuo kimoja chenye tawi huko mjini Embu, nikamwelekeza kwingine. Nikamwonyesha kilimo biashara: chai anaijua, angepita amelala. Nikamwonyesha kozi fupi ya kompyuta, miezi michache tu, angepata cheti na mzani wa umeme angeuendesha. Kaka yake, mwalimu mkuu, akapiga simu tukiwa hapo hapo: achukue ualimu. Mchungaji naye alikuwa ameshamwambia theolojia, kwani sauti anayo. Karani alisikiliza kila kitu, mikono magotini.

"Kati ya hizi zote," akaniuliza, "ni ipi inaamua nani aitwe?"

"Hakuna, Karani."

"Iko. Yule kijana amesema."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu wa kwetu kabisa. Kwetu mtu husomea upadri akawa na uwezo wa kubatiza, husomea udaktari akawa na uwezo wa kupasua. Aliamini shahada ya mifumo ya habari ya kompyuta ni jambo la namna hiyo: kwamba siku utakayovishwa joho unapewa ule uwezo, na tangu hapo ukisema Rwamba aitwe, ataitwa mpaka mwisho wa dunia. Nilimweleza. Nilimwambia watu wenye shahada hiyo nawajua, wanatumwa kuunganisha nyaya na kutoa virusi kwenye kompyuta ya bosi. Wanaambiwa cha kufanya.

"Hata mimi naambiwa," akajibu. "Lakini mdomo unaoita ni wangu."

Nikambonyezea ombi la kujiunga. Chuo kilimkubali kwa sharti la kurudia hesabu kwanza, na alirudia, akikaa kwenye kochi langu na vitabu vya watoto wa dada yangu. Kituoni aliendelea na kazi, maana kiwanda kilikawia miaka kuanza kuyatoa majina; masomo yalikuwa wikendi na likizo.

Huko chuoni walimwita Guka, yaani babu. Siku ya kwanza msichana mmoja alimwona amesimama mlangoni na suti yake ya kanisa, akamwambia, "Guka, umepotea? Ofisi ya wazazi ni huko."

"Sijapotea," akamjibu. "Nimechelewa tu."

Kipanya cha kompyuta alikishika kama kifaranga, akiogopa kukiumiza. Programu ya kwanza aliyoandika ilikataa, na ya pili, na mtihani wa somo hilo akaanguka, akarudia na vijana waliokuja nyuma yake. Hakuwa hodari, na sitasema alikuwa. Alikuwa mtu wa kukaa na jambo. Vijana walipogawana kazi ya kundi na kumwandikia jina lake bila yeye kufanya kitu, alikasirika akaomba jina litolewe. "Usiniweke mahali sipo," akawaambia, na vijana wakaulizana huyu mzee ana nini. Msemo wake wa siku hizo ulikuwa "kompyuta ni karani asiye na haya," na alinirudia nao kila wiki.

Alikuwa na mtindo wa kuandika programu kwanza kwenye karatasi, kisha kuisoma kwa sauti, akiita kila kitu kilichomo kwa jina, kwa ile sauti ya mzani. Darasa lilifurahia sana. Kijana mmoja wa Githongo, mcheshi, ambaye alinisimulia mwenyewe jambo hili alipokuja kwangu kuchapa, akaanza kumwitikia kutoka nyuma. Karani akiita, kijana anajibu, "Niko!" Darasa likashika. Akiita kingine, darasa lote, "Niko!" Karani akaacha kusoma. Akakunja karatasi yake, akatoka nje, akasimama chini ya paa akitazama mvua, na hakurudi mpaka kipindi kikaisha. "Tulidhani tumemdharau, tukaenda kumwambia pole," yule kijana aliniambia. "Akasema, 'Hapana, mmefanya vizuri. Ni mimi sikujiandaa.' Sasa hiyo inamaanisha nini, sister?" Nikamrudishia chenji yake. Ningeanzia wapi?

Mwaka wa mwisho alitakiwa kutengeneza mfumo wake mwenyewe. Alitengeneza wa kituo chetu. Mwalimu aliyemsimamia alikuwa mwanamke wa Kianjai, rika la kifungua mimba wa Karani, mpole, asiyeinua sauti. Alipoufungua mfumo ule aliona kwamba kila mkulima amewekewa hali yake, na hali zilikuwa tatu: hai, marehemu, na anaitwa.

"Hii ya tatu ni nini, mzee wangu?"

"Ni aliyekufa lakini bado analeta majani."

"Mzee, mtu hawezi kuwa amekufa na anauza majani."

"Kwetu anaweza, madam."

"Basi shida iko kwenu, haiko kwa system. Hii siwezi kupitisha. Utoe, ama urudie mwaka."

Alinisimulia haya akiwa amesimama. Miaka yote ile, hesabu, aibu ya kuanguka, safari za Embu kila wikendi, alikuwa amevumilia kwa ajili ya lile neno moja. Akiliondoa, Rwamba anatoka. Akiliacha, anakosa shahada, na mzani wa umeme utamtoa Rwamba vilevile kwa mkono wa mtu mwingine. Alitaka nimchapie barua ya kujitetea kwa mkuu wa idara. Nikamwambia anifungulie mfumo kwanza niuone.

Nilitafuta namba ya kwetu. Nikapata: Nyaga, anaitwa. Sijui hasira ile ilitoka wapi. Labda ilikuwa imekaa ndani yangu tangu siku nilipokatazwa kukanyaga maua.

"Karani, mama yangu yuko wapi hapa?"

"Mama yako hana namba."

"Majani ya kwetu nani huchuma?"

"Si ni mama yako."

"Tangu lini?"

Akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Tangu aolewe. Hata cucu hakuchuma kama yeye. Vidole vyake vimeingia weusi ambao hautoki kwa sabuni yoyote. Na wewe unamwona kila siku, unampimia, unamwita Nyaga! Huyo mzee hata hakumpenda. Sasa niambie, siku mama akifa utamwita nani? Wako wewe anaitwa akiwa amekufa. Wangu hajaitwa akiwa hai."

Nilikuwa napiga kelele. Mwenye duka la jirani alichungulia. Karani akaketi kwenye lile kochi, polepole, akatazama skrini kwa muda mrefu. Nilianza kuogopa nimemvunja.

"Na wewe," akasema mwishowe, "unaitwa nani?"

Nikamwambia. Alilirudia jina langu mara mbili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Barua ya kujitetea hatukuichapa. Akaondoka, na wiki iliyofuata akampelekea yule mwalimu mfumo wenye hali mbili tu. Akapita, si kwa alama za kujivunia, lakini akapita. Siku ya mahafali tulikwenda na gari la kanisa, mama yangu akiwemo, na kaka yake mwalimu mkuu alipiga picha kila jambo, hata viatu.

Kiwanda kilimpa kazi, na ikawa kama nilivyosema: hakuamua kitu. Walimpa orodha ya namba za marehemu na kumtuma nyumba kwa nyumba kutafuta walio hai. "Uliniambia," alikiri mara moja tu. Lakini kazi hiyo aliifanya kwa namna yake. Aliketi na familia, akaacha ndugu wapayuke mpaka wachoke, kisha akauliza swali moja: "Nani huchuma?" Swali hilo lilimaliza kesi nyingi na kuanzisha nyingine. Kuna nyumba alizofukuzwa. Mzee mmoja alimtishia kirumi cha baba yao. Karani akamwambia, "Kije kwangu, mimi ndiye nimefuta." Nadhani kuna usiku hakulala kwa sababu ya maneno hayo, maana alikonda.

Siku jina la kwetu lilipobadilishwa nilifunga biashara nikapanda kituoni. Kijana mpya wa mzani akaita jina la mama yangu, majina yake yote mawili. Mama hakuitika. Aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Jirani akamgusa mkono, akamwambia ni wewe, na mama akasema "mimi?" kwa sauti ndogo sana. Nililia pale pale kwenye foleni, na sioni haya kusema.

Mwishowe likabaki jina moja. Kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja mbele yake. Nyuma yake walisema: anawatoa wa wenzake, wake amemficha. Kiwanda kilimwandikia barua amtoe. Alistaafu, na jioni za kuchuma yule kijana wa mzani aliendelea kumwita Rwamba, na mzee yule kuitika, na kijana kutazama pembeni.

Nilihamia mjini Embu na biashara yangu, nikakaa muda mrefu bila kumwona. Nilimkuta tena mwaka uliopita nilipopanda nyumbani kwa ajili ya mahari ya binamu yangu. Ilikuwa mchana, jua limetoka. Alikuwa shambani kwake peke yake, kikapu mgongoni, amevaa gamuti, yale mabuti ya mpira, na nilishtuka, maana sikuwahi kumwona na gamuti. Akaniita kwa jina langu kutoka mbali. Akatua kikapu, tukaketi ukingoni mwa shamba, akanigawia uji kwenye kifuniko cha chupa. Aliuliza habari za kompyuta, nikauliza za magoti yake. Kisha akafunga chupa, na akajua ninachotaka kuuliza.

"Nilimtoa," akasema.

"Wewe mwenyewe?"

"Niliwaomba wanikubalie niingie ofisini, nifanye kwa mkono wangu. Mchana, watu wakiwepo, nisije nikajidanganya. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Unajua huwa inauliza."

"Ukafanya nini?"

"Si nikabonyeza. Yenyewe haitaki maelezo."

Alikuwa akichambua majani kwenye kikapu akiongea, vidole vikienda vyenyewe, kikonyo kirefu kikitupwa kando.

"Siku ya kuchuma ikafika," akaendelea. "Nikachuma mistari yake yote, kama kawaida. Nikapeleka. Yule kijana akaita jina langu, hili la ubatizo. Nikatundika." Akatupa kikonyo kingine, nikadhani amemaliza. "Mimi nilikuwa najua zitapungua."

"Nini zitapungua?"

"Kilo. Miaka yote hiyo tangu azikwe ni mimi nilichuma, hakuna mwingine. Nilijua hivyo. Lakini ndani sikuwa naamini ni mimi peke yangu. Nilijua siku nikimtoa mzigo utakuja mdogo, na nilikuwa nimejiandaa." Akainua macho kutoka kikapuni, akanitazama kama anayeniomba nimweleze jambo la kompyuta ambalo limemshinda. "Zilikuwa zile zile. Nikamwambia kijana apime tena."